Rangi Iliyobaki Kiganjani

Kwanza tuelewane: gari lenyewe halikuwa la kujivunia. Liliponunuliwa lilikuwa la bluu, bluu kweli kweli, ya kumfanya mtu ageuke njiani. Baada ya kupigwa na jua miaka na miaka, hata mtoto wa chekechea angekwama ukimuuliza ni la rangi gani. Boneti ndiyo ilikuwa imeumia kuliko kote. Rangi yake ilikuwa imefanya unga, ukipitisha mkono unabaki na vumbi la bluu hafifu kiganjani, kama mtu aliyetoka kufuta ubao. Rimu ndizo usiseme. Zilikuwa na ukungu wa kijivu na madoa meusi ya vumbi la breki, na hakuna aliyekumbuka kwamba ziliwahi kung'aa.

Na mwenye gari, ajabu ya mambo, alikuwa bingwa wa kung'arisha magari. Alikuwa dereva wa wakubwa mpaka alipostaafu, na dereva wa wakubwa kazi yake kubwa si kuendesha, ni kusubiri. Mkubwa yuko mkutanoni, dereva yuko nje na kitambaa. Anafuta. Akimaliza kufuta, anafuta tena. Ndiyo maana mtaa mzima walimwita Kitambaa, na yeye akaitika bila kinyongo. Lakini yote aliyoyafuta yalikuwa magari ya watu. La kwake lililala nje, maana chumba cha gari mkewe alikigeuza darasa la masomo ya jioni, na wewe nenda kagombane na mwalimu uone.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kitambaa hakuwahi kumwita vingine: Mwalimu. Ugonjwa wake ulianza kwa vichekesho. Funguo ndani ya kopo la sukari. Chai iliyotiwa chumvi, halafu anakunywa na kusema leo imekolea. Wakacheka wote wawili. Baadaye akasahau jina la binti yao wa pekee, na hapo hakuna aliyecheka. Halafu asubuhi moja, mezani, alimtazama mumewe kwa adabu zote akamuuliza, "Samahani baba, wewe ni ndugu yake nani hapa?" Kitambaa alijibu kwamba ni wa humu humu ndani. Akaenda jikoni, akafungua bomba maji yatiririke kwa nguvu, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Ila kilibaki kitu kimoja, na hicho ndicho kilichomweka mzee yule mjini. Kila mchana Mwalimu alitoka kutembea. Anashika mtaa mpaka mwisho, anazunguka ukuta wa shule yake ya zamani, anarudi. Daktari alisema kutembea kunamfaa. Siku za mwanzo Kitambaa alimfuata kwa nyuma akijibanza kwenye kuta kama mwizi wa kuku, roho mkononi. Lakini Mwalimu hakupotea hata siku moja. Alirudi mwenyewe, akasukuma mlango, akasimama hapo na kusema kama alivyosema miaka yote akitoka kazini, "Nimefika."

"Karibu nyumbani, Mwalimu," mumewe alimjibu.

Naye akatabasamu. Basi, ni hilo tu. Kitambaa aliacha kumfuata. Akaanza kumsubiri ndani, amekaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, nywele amechana. Alijiambia: hata kama jina langu limemtoka, hata kama sura yangu imemtoka, miguu yake inanijua. Angenijuaje asingekuwa ananirudia mimi? Mtu akibakiwa na tone moja la maji, analinywa polepole, na yeye hilo neno moja la mchana alilinywa polepole siku nzima.

Kero ilikuwa moja, tena ya kijinga. Kila siku gauni la Mwalimu lilirudi na doa la bluu pajani, upande wa kulia. Kitambaa alilifua akinung'unika peke yake. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu mno na geti, akaamua kwamba mkewe hujisugua nalo anapojipenyeza kupita. Hakuwaza zaidi ya hapo. Ningekuwepo ningemtingisha mabega.

Binti yao alifanya kazi mji mwingine, na simu zake zilikuwa za kumtoa mzee kijasho.

"Baba, nakwambia mapema ili tusije tukalaumiana. Siku mama akipotea, hata mara moja tu, namchukua. Kuna nyumba ya kutunzia wagonjwa kama yeye karibu na kwangu, wana manesi na geti linafungwa."

"Hapotei."

"Leo hajapotea."

"Hapotei, mwanangu. Anarudi mwenyewe. Mimi ananijua."

Binti alimpenda baba yake, tusimsingizie. "Nakuja Jumamosi nione kwa macho yangu. Umechoka, baba. Nyumba imechoka. Hata hilo gari lako limechoka, mtu akipita anajua humu ndani mambo si mambo."

Hilo la gari lilimchoma. Mwambie Kitambaa chochote, lakini usimwambie gari lake ni chafu. Akakata simu, akatoka nje, akalizunguka. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa na nguo ya ndani iliyotoboka. Akavaa viatu, akaenda kwa muuza rangi.

Muuza rangi alikuja mwenyewe mpaka getini, maana walijuana tangu zamani. Akachukua kitambaa chenye dawa ya kusugulia, akasugua sehemu ndogo ya mlango wa nyuma, saizi ya sahani. Kile kitambaa kikawa bluu tupu.

"Unaitoa rangi yote!" Kitambaa alipiga kelele.

"Tulia, mzee. Hii rangi haijafa. Imekufa ngozi ya juu tu. Isugue hiyo ngozi itoke, na chini yake utaikuta rangi yako imekaa inakusubiri."

Na kweli, pale aliposugua palikuwa pamefunguka kidirisha cha bluu ya siku ile waliyolinunua. Kitambaa alikitazama mpaka macho yakamwuma. Halafu, usimcheke jamani, alimfikiria mkewe. Ngozi ya juu tu. Chini yake amekaa ananisubiri. Akakumbuka siku ile ya kwanza, alivyomfungulia Mwalimu mlango wa nyuma kama anavyofunguliwa mkubwa, Mwalimu akaingia na daftari zake za kusahihisha, pua juu, akasema, "Twende, dereva." Walicheka njia nzima. Akapiga hesabu yake ya kizee: akiliona gari lilivyokuwa, akiniona mimi na shati jeupe nimeshika mlango, kitafunguka kidirisha. Hata saizi ya sahani. Jumamosi hiyo hiyo, binti akiwa pale anaona.

Alianza siku ya pili. Aliliosha lote kwa sabuni ya maji, akatoa lami ya chini ya milango kwa mafuta ya taa, akalisuuza, akalikausha. Akapita na ule udongo laini wa mafundi wa kunasa uchafu mpaka mkono ukateleza bila kukwaruza. Mipira ya madirisha akaifunika kwa karatasi ya gundi isije ikashika dawa. Halafu akaanza kusugua kwa mkono, kipande kwa kipande, kimduara, akibonyeza mwanzoni na kulegeza mwishoni. Mashine ya kukodi aliikataa. Alisema mashine haina huruma, ikikaa sehemu moja inakula mpaka bati.

Mshonaji wa nyumba ya mbele alikuwa na cherehani yake barazani, na hakuna kilichompita.

"Shemeji, vipi, unaoa?"

"Nioe nani, na wewe ulishanikataa?"

"Ulikuja na gari limejaa unga kama mashine ya kusaga, ulitaka nikubali?"

Kitambaa akacheka. Ilikuwa zamani tangu acheke kwa sauti. Bega lilimuuma mpaka meno, vidole vilivimba, usiku alilala chali kama gogo, lakini alikuwa na furaha. Mtu mwenye kazi mikononi hupata usingizi.

Rimu alizitoa moja moja, gari limekaa kwenye jeki na matofali ya tahadhari. Alizisugua kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, kwenye kona ambazo kidole hakifiki. Zile zilizokuwa na chunusi za kutu nyeupe alizipitishia msasa laini wa maji, polepole, kisha dawa ya kung'arishia chuma. Mara ikaanza kuonekana: kwanza mwanga wa kijivu, kisha mwanga wenyewe, kisha pua yake mwenyewe ikimtazama.

Mwalimu alimkuta hapo siku moja akielekea matembezini. Akasimama akamwangalia, mikono nyuma, kama anapita kati ya madawati.

"Unafanya kazi safi, baba. Mwenye gari atafurahi."

"Atafurahi sana, Mwalimu," Kitambaa alisema, akainama kwenye rimu ili asionekane uso.

Milango ikaisha, ikafuata buti, likafuata paa. Boneti aliiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeungua zaidi, na fundi yeyote mwenye akili huacha pagumu mpaka mkono upate kuzoea. Kwa hiyo siku zote hizo boneti ilibaki na unga wake, na siku zote hizo Mwalimu alirudi, akasema neno lake. Kitambaa alizidi kujipa moyo.

Jumamosi alfajiri alianza boneti. Ilikula vitambaa kuliko gari zima. Alivitupa kwenye ndoo kimoja baada ya kingine, vimelowa bluu, na kila alipofuta akaona rangi imeshuka chini zaidi na kuwa nzito zaidi. Mchana akapaka nta. Mwalimu alipotoka kutembea, mumewe alikuwa anaing'arisha mara ya mwisho kwa kitambaa kikavu. Akampungia mkono. Mwalimu naye akapunga, kama unavyompungia mtu usiyemjua aliyekuanza.

Na boneti ikakubali. Ilikuwa bluu, jamani. Mawingu yalionekana ndani yake. Kitambaa aliinama akajiona, mzee mwenye ndevu za wiki, akakimbilia ndani kuoga. Alinyoa. Akavaa shati jeupe la kazi, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akatoka, akasimama karibu na mlango wa nyuma wa gari, mkono kwenye kitasa, akasubiri. Hakuna binadamu aliyewahi kusubiri vizuri kama yule mzee. Kusubiri ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Aliyetokea wa kwanza ni binti. Aliegesha gari lake nyuma, akashuka, akaziba mdomo kwa mkono.

"Baba! Ni lile lile?"

"Ni lile lile."

"Siamini. Mama ameliona?"

"Anaenda kuliona sasa hivi. Yuko matembezini, anarudi."

Wakasimama. Binti akatazama saa. Kitambaa akatazama mwisho wa mtaa. Binti akatazama saa tena, akasema, "Baba," kwa sauti ambayo Kitambaa hakuipenda. Ndipo cherehani ya mbele ikanyamaza, na mshonaji akainuka barazani pake.

"Mnamtafuta dada? Mbona alisharudi?"

"Lini?" Kitambaa aliuliza.

"Wewe ukiwa ndani. Alifika, akagusa boneti kama kawaida yake."

"Kawaida gani?"

Mshonaji alishangaa. "Kwani hujui, shemeji? Kila siku anaigusa. Anaweka kiganja, anakitazama, anakipangusa kwenye gauni, ndiyo anaingia. Leo ameweka, akakitazama, akaweka tena. Akaweka mara ya tatu. Halafu akasema samahani, nadhani alikuwa anaongea na nyumba, akasema samahani nimekosea nyumba, akaondoka. Mimi nikajua amesahau kitu dukani." Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Ningejua ningemkimbilia."

Kitambaa akakaa chini pale pale, na shati lake jeupe, kwenye maji machafu ya kuoshea gari.

Walimtafuta mchana wote. Binti kwa gari, mshonaji na wanawake wa mtaa kwa miguu, Kitambaa akikimbia kwa namna wazee wanavyokimbia, mkono kifuani. Shuleni hayupo. Dukani hayupo. Jua lilikuwa limeshalegea walipompata nyuma ya barabara kubwa, kwa fundi wa kuchomelea. Mbele ya karakana palikuwa na gari bovu la mizigo lililokaa juu ya mawe, jeupe, limepauka mpaka basi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na bampa lake, mkoba mapajani, ametulia. Fundi alikuwa amempa maji.

"Amekuja akaligusa hili kopo langu, akasema amefika," fundi alimweleza Kitambaa kwa sauti ya chini. "Nikamwambia mama, hapa ni karakana. Akasema sawa, nitasubiri mume wangu afungue mlango."

Kitambaa alichuchumaa mbele ya mkewe. "Mwalimu. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, baba," Mwalimu alimwambia kwa upole, kama anavyoelekezwa mtoto mgumu wa kuelewa. "Hebu ona." Akamwonyesha kiganja. Kilikuwa cheupe kwa unga wa rangi.

Hapo ndipo Kitambaa alipoelewa yote, na afadhali angechomwa kisu. Yale madoa ya bluu aliyoyafua akinung'unika. Kile kiti alichokielekeza mlangoni. Mwalimu hakuwa anamrudia yeye. Alikuwa anarudia unga. Mwanamke aliyeshika chaki maisha yake yote, kila kitu kilipomtoka kichwani mkono wake ulibakiza jambo moja: gari la kwetu linaacha rangi kiganjani. Likiacha, umefika. Na yeye, mumewe, kwa mikono yake miwili, kipande kwa kipande, kimduara, na kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, alikuwa ameisugua njia ya mkewe ya kurudi nyumbani, akaipaka nta juu yake.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Hakusema "nilikwambia." Ni afadhali angesema.

Walimrudisha, lakini hakurudi. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mgeni anayeona wenyeji wanachelewa kuagana naye. Chakula alishukuru, hakula. Asubuhi, binti akiwa anapanga nguo za mama yake kwenye begi, Kitambaa alikwenda kwenye ndoo ya vitambaa. Akavitoa, vimekauka, vigumu kwa bluu, akavipigapiga juu ya boneti mpaka ikatapakaa uchafu. Akamleta mkewe kwa mkono.

"Gusa, Mwalimu. Gusa, nakuomba. Ni letu."

Mwalimu aligusa, kwa heshima ya kuombwa. Akakitazama kiganja. Akakinusa, kikanuka mafuta ya taa na nta. "Hapa pana uchafu," alisema, akatoa leso akajifuta kidole kimoja kimoja. Chini ya uchafu boneti ilikuwa inang'aa vile vile, na uso wake ulikuwemo, na hakuutambua huo pia.

"Baba, acha," binti alisema. Alikuwa analia. "Acha, baba."

Kitambaa aliacha. Akachukua begi, akaliweka ndani ya gari la binti. Akafungua mlango wa nyuma, akaushika, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa ujanani. Mwalimu akaja mpaka hapo, akageuka mara moja kulitazama lile gari la bluu.

"Gari zuri hili," alimwambia Kitambaa. "La kwetu lilishapauka. Mume wangu hapati nafasi nalo, anafuta ya watu tu." Akacheka kidogo, kicheko kile kile cha miaka ile. Akaingia, akaweka mkoba mapajani. "Ukimwona, mwambie nimetangulia."

"Nitamwambia," Kitambaa alisema. Akafunga mlango taratibu, usije ukabamiza.

Gari la bluu bado liko getini. Kitambaa ameondoa turubai alilolinunua kulikinga na jua. Kila asubuhi analiosha kwa sabuni kali ya unga, ile ya kufulia, nta itoke jua lipate pa kuingilia. Mshonaji alimwambia, "Shemeji, utaliharibu," naye akamjibu kwamba ndilo analolitaka. Muuza rangi alipoulizwa rangi ile itachukua muda gani kurudi kuwa unga, alidhani ni mzaha, akasema kwa majigambo, "Kwa kazi uliyoifanya, mzee? Miaka ishirini hailegei." Halafu akauona uso wa mteja wake, akageuka kupanga makopo yake.

Mchana, saa ambayo mkewe alikuwa anarudi, Kitambaa anatoka nje. Anaweka kiganja juu ya boneti ya moto, anakibonyeza, anakiinua, anakitazama. Kinatoka kisafi. Anarudi ndani, anakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango.